Treni ya mjini: madaraja yajengwe wapi?

Kila mara mradi wa treni ya mjini Kinshasa unapozungumzwa, watu wanauliza kwanza: bei gani? Kuna swali lingine linalosahauliwa: pale reli inapokutana na barabara kubwa, nani atapita juu, nani chini, na nani atasimama kungoja? Jibu lake njo linapandisha ama kushusha bei yote.

Tuangalie Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia. Treni yao ndogo ya umeme ilianza kazi mwaka 2015. Ina njia mbili, jumla karibu kilometa 34, na ilikula karibu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa deni la China. Ili kuokoa makuta, sehemu nyingi za reli zilitandikwa chini, katikati ya barabara, na kuwekewa uzio. Katikati ya mji, njia zote mbili zinatumia daraja moja refu.

Faida iko: treni haifungwi na msongamano wa magari. Lakini uzio umekata mitaa vipande viwili. Mama mwenye mzigo kichwani hawezi tena kuvuka mbele ya nyumba yake. Anazunguka mpaka kwenye kivuko. Makuta serikali iliyookoa, yeye njo anayalipa, kwa miguu yake.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Tufanye hesabu. Ili lori lipite chini, reli inapashwa kuinuka mita 6 hivi. Treni ya mizigo ikipanda mita 2 kwa kila mita 100, inahitaji mita 300 za kupandia. Treni ndogo ya umeme inaweza kupanda mita 6 kwa kila mita 100, kwa hiyo mita mia na kitu zinatosha. Maana yake, unaweza kujenga daraja fupi kwenye njia panda moja bila kuinua reli ya mji mzima.

Mtu wa mguu anahitaji nafasi ndogo zaidi: mita 2 na nusu. Penye soko ama shule, reli ikiinuliwa kidogo tu, watu watapita chini yake. Ila mfereji wa maji uwepo, la sivyo mvua ya kwanza itageuza kile kivuko kuwa kisima.

Basi siku wakituletea mchoro, tusiangalie tu uzuri wa treni. Tuulize: kutoka kivuko hiki mpaka kile kingine, ni mita ngapi?