Kasoro Chini ya Rangi

Ndugu yetu mmoja akaaye Marekani atuuliza. Analo gari la Pontiac la mwaka 1964, lenye paa la turubai la kukunjwa, alilolitengeneza upya likarudi kung'aa, na sasa ataka kuliuza kwa jina la GTO. Kwa asili ni LeMans. Injini na alama za GTO amezitia yeye. Je, mnunuzi asipouliza, naye akanyamaza, pana ubaya?

Upo. Mwaka 1964 na 1965 GTO ilikuwa nyongeza tu juu ya LeMans, na namba ya chesi haikuzipambanua. Ni mwaka 1966 GTO ilipopewa 242 mwanzoni mwa namba yake. Basi mnunuzi huyu, hata akiitazama namba, haitamwambia neno. Na GTO za paa la kukunjwa za 1964 ziliundwa 6,644 tu. Uchache huo ndio unaolipiwa.

Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta maji chini, akamwuliza mwenyewe mbona hakuiweka juu watu wakaiona. Naye ndugu yetu aandike katika hati ya mauzo: LeMans iliyogeuzwa. Na sakafu iliyokula kutu ikatiwa kiraka, aionyeshe. Bei itashuka sana, hilo hatumfichi.