Gari la Mzee, Giaboksi ya Kijana

Wiki hii wapenzi wanaogombania simu tuwaweke kiporo, tuingie gereji. Najua kinadada mtanuna kwamba mambo ya spana ni ya wanaume. Subirini kwanza. Hela anayoiacha baba watoto kwa fundi ndiyo ile ile uliyoahidiwa ya kitenge, kwa hiyo habari hii inakuhusu sana tu.

Kuna mshikaji mmoja Magomeni, marehemu mzee wake kamwachia Golf ya kwanza, ile yenye umbo la kisanduku. Gari hizi zilianza kutoka Ujerumani mwaka 1974, na wenzetu wa Afrika Kusini wakaendelea kuziunda kwa jina la Citi Golf kuanzia 1984 mpaka 2009. Hii ya mzee ina gia nne, na giaboksi yenyewe inalia kama paka kabanwa mkia. Wajuzi wa kijiweni wakamwambia dawa ni kutafuta giaboksi ya Golf za miaka ya 90, gia tano, kazi ya siku moja tu. Mama watoto wake, ambaye zamu yake ya upatu imefika, kakubali kutoa hela kwa sharti moja: Desemba gari hilo hilo liwafikishe kwao Iringa. Maana yake Kitonga, kupanda na kushuka, na watoto wawili kiti cha nyuma.

Hapo ndipo mimi nilipoanza kuuliza maswali.

Giaboksi ya zamani, Wajerumani wenyewe wanaiita 020. Si mbovu. Ugonjwa wake mkubwa ni ribiti zinazoshikilia krauni ya difu. Zikichoka zinakatika vichwa, na kichwa kikizunguka mle ndani kinatoboa bodi ya giaboksi, oili yote inamwagika barabarani. Hiyo mpya anayotajiwa ni 02A. Ilitoka mwishoni mwa miaka ya 80 na ni kifua kweli, inabeba injini zenye nguvu kuliko hiyo ya mzee.

Lakini bwana, kuitoa moja na kuweka nyingine si sawa na kubadilisha shati. Kwenye 020 klachi imefungwa kinyumenyume: preshapleti ndiyo inayokazwa kwenye krenki, halafu flaiwili inakuja juu yake. Klachi inasukumwa na kijiti kirefu kinachopita katikati ya shafti ya giaboksi, na pedali inavuta waya. Kwenye 02A mambo yamepangwa kama magari mengine, flaiwili kwanza, na klachi inasukumwa na oili ya breki. Kwa hiyo utanunua flaiwili nyingine, klachi nyingine, silinda mbili za klachi na pedali yake. Stata nayo inabadilika. Gia zenyewe zinavutwa na waya mbili badala ya vile vyuma vya zamani, basi na mkono wa gia unabadilika. Maunti za giaboksi hazikai mahali pake, lazima mtu achomelee au atengeneze. Na ukikuta ile yenye sensa ya umeme, spidomita ya mzee inayozungushwa na waya haitasoma kitu.

Kazi ya siku moja, enh?

Sasa tuje kwenye shafti zinazopeleka nguvu kwenye matairi, maana hapa ndipo watu wanapouawa. Upande wa ndani, shafti ya Golf inafungwa kwa bolti sita kwenye flenji ya giaboksi. Flenji hizo hazilingani: Golf za mwanzo nyingi zina upana wa milimita 90, nyingine 100, na za VR6 ni 108. Upande wa nje shafti inaingia kwenye habu ya tairi kwa meno, inakazwa na nati kubwa. Kwa hiyo ukichanganya gari la zamani na giaboksi mpya, unatafuta shafti ambayo ndani ni ya kijana na nje ni ya mzee. Halafu urefu! Golf ya pili ni pana kuliko ya kwanza, shafti zake usizibebe kwa kubahatisha. Hata kwenye gari moja kushoto na kulia hazifanani: ya kushoto ni fupi na nzito, ya kulia ni ndefu na ina uwazi ndani kama bomba.

Fundi wa mshikaji alipoona shafti hazilingani hakuhangaika. Akasema atakata, atachomelea, atapitisha mashine, "haionekani hata kidogo". Ni kweli haionekani. Ila shafti inapindwa kila unapokanyaga mafuta, na chuma kilichochomewa ovyo kinakatika pale pale pembeni ya kidonda. Ikikatika moja, difu ya kawaida inapeleka mzunguko wote upande usio na kazi, gari haliendi mbele. Hilo kwenye tambarare ni aibu tu. Kwenye mteremko wa Kitonga umeweka gia ya pili ili injini ikusaidie kushika gari, shafti ikaachia, unabaki na breki peke yake. Na kipande kilichobaki kinaweza kuzunguka kama fimbo ya mchunga ng'ombe, kikikuta mpira wa breki hakiuachi. Watoto nyuma.

Nilimwambia hivyo mbele ya mkewe, makusudi. Mkewe akafunga pochi.

Tulichokubaliana ni kitu cha bei nafuu, na ndicho ninachowashauri na nyie wenye injini ya kawaida: tafuta 020 ile ile lakini ya gia tano. Inakaa humo humo, waya wa klachi unabaki. Flenji zikitofautiana upana unahamisha za zamani kuja kwenye mpya, shafti za mzee zinarudi mahali pake bila kukatwa. Angalia tu kijiti cha klachi, cha gia nne na cha gia tano havilingani urefu. Na giaboksi ikiwa bado iko chini, mwambie fundi afungue difu, ribiti zile zitobolewe ziwekwe bolti.

Hiyo 02A waachieni wanaobadilisha na injini. Na wao wakienda Gerezani au Ilala wasome herufi zilizogongwa kwenye bodi, maana ya VR6 inaitwa 02A vile vile lakini mdomo wake haukutani na injini ya silinda nne. Muuzaji atakuapia kwa mama yake mzazi.

Mawili ya mwisho kabla hamjalala chini ya gari. Bolti zile sita zina meno kumi na mawili, zinataka biti yake. Fundi akigonga ufunguo wa L kwa nyundo, mnyang'anye nyundo. Na shafti zikishatoka, msilisukume gari kulipeleka kivulini. Hiyo shafti na nati yake ndizo zinazobana bering ya tairi, ukilisukuma bila hizo bering imekwenda, na hiyo haikuwemo kwenye bajeti ya upatu.