Jina la Mtu Si Mali ya Karani

Katika mkutano wa Chama uliopita ililetwa hoja ambayo hatukutazamia kuisikia katika kikao cha watu waliosoma. Mwenzetu mmoja, ambaye kazi yake na uungwana wake twauheshimu, alisimama akasema ya kuwa yafaa Chama kiiombe Serikali iwape waandikishaji wa vizazi uwezo wa kuyakataa majina yasiyopendeza: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Majuto, Msiba, na mengine ya jamii hiyo. Alisema majina hayo ni aibu mbele ya wageni, tena humlemea mtoto asiye na kosa. Wengi walipiga makofi. Sisi hatukupiga, wala hatukusema neno, na sababu ya kunyamaza kwetu ndiyo tunayotaka kuieleza sasa, ijapokuwa tumechelewa.

Sisi tunaoandika haya tuliitwa Shida.

Hatukuitwa hivyo kwa chuki. Mama yetu alikaa na uchungu siku tatu, mto umefurika na njia ya kwenda zahanati imekatika. Bibi mmoja jirani aliyemzalisha ndiye aliyesema, "Huyu amekuja kwa shida," na jina likakaa. Basi katika neno hilo mna mto, mna siku tatu, mna mikono ya yule bibi ambaye sasa ni marehemu. Hatulijui jina jingine ambalo lingeiweka habari yote hiyo katika herufi tano.

Lakini mtoto hayajui hayo, na mwenye hoja alisema kweli aliposema jina laweza kumlemea mtu. Katika shule ya misheni tuliyosoma, kila asubuhi mwalimu alipofika kwenye jina letu alikuwako mtu wa kujibu kutoka nyuma, "Haipo, Mwalimu, tunamshukuru Mungu!" Darasa likavunjika mbavu. Mzaha huo ulidumu miaka minne wala haukuchakaa. Tulipoingia kazini tukaupata wa pili. Mtu akija dirishani na kusema, "Samahani, Bwana, nina shida," mwenzetu wa meza ya pili humwonyesha kwa kidole: "Shida mwenyewe yule pale." Twakiri kwamba mara ya kwanza na sisi tulicheka.

Sasa wanachama wasikilize jinsi tulivyolipoteza jina hilo. Siku ya kuandikishwa kazini, mkuu wa makarani wa ofisi ile, mzee mpole asiyejua kumkaripia mtu, aliitazama karatasi yetu, kisha akatutazama sisi kwa huruma. "Kijana wangu," akasema, "jina hili litakuzuia kupanda. Tukuandike Shadrack, herufi ya kwanza ni ile ile." Hakutaka kitu kwetu. Alitaka kutusaidia, na sisi kwa haya na kwa woga wa ugeni tukaitikia, "Ndiyo, Mzee." Tangu siku ile tukawa Shadrack. Barua zilikuja kwa Shadrack, mshahara ulilipwa kwa Shadrack, hata tukazoea kugeuka tukiitwa njiani.

Ulipofika uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi wa Aprili 2017, na watumishi zaidi ya 9,900 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi, mafaili yote yalifunuliwa. Letu likakutwa na mambo ya ajabu. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa cha Shida. Kazi ilikuwa ya Shadrack. Shadrack hakuwa na cheti, na Shida hakuwa na kazi. Miezi minne hatukuona mshahara. Tulikula kiapo mbele ya wakili, tukarudi shuleni kuomba barua, tukamtafuta yule mzee aliyekwisha kustaafu ili aeleze kwa mkono wake alichokifanya. Alikuja akiwa na fimbo, akalia mbele ya mezani kwa watu. Hatuulaumu uhakiki, waliokuwa na vyeti vya uongo walistahili kutafutwa. Twasema hivi tu: kicheko cha darasani hakikupata kutunyima chakula, bali huruma ya kalamu ilitunyima.

Ndiyo maana twashangaa kusikia karani akiomba aongezewe uwezo juu ya majina ya watu. Uwezo alio nao sasa, ambao hakuna sheria iliyompa, umekwisha kuwatesa wengi. Ni nani kati yetu aliyekaa dirishani asiyepata kumwuliza mtu, "Huna jina jingine?" Sisi tumeuliza hivyo, tena sisi tunaoitwa Shida! Mwanamke mmoja aliyeitwa Tabu alitujibu, "Ninalo hilo moja, na wakubwa zangu watatu walikufa kabla sijapewa." Tuliinamisha kichwa tukaandika.

Maana jina la namna hiyo aghalabu lina kazi yake. Unguja na Pemba wako watu wazima, waungwana kwa kuzaliwa, waitwao Mtumwa au Kijakazi. Wazazi waliofiwa na watoto waliwapa jina dhalili makusudi, ili husuda na mauti vimdharau mtoto na kumpita. Asiyejua hudhani mzazi alimtukana mwanawe, kumbe alikuwa akimficha. Je, mwandishi aliyetoka juzi katika mafunzo, mwenye orodha ya majina yapendezayo mezani, atayajua hayo?

Tena apendezwe nani? Nchi yetu ina lugha zaidi ya mia. Limo jina ambalo bara ni la ukoo wa heshima, nalo likitamkwa pwani watu huziba midomo. Sisi hatutaliandika hapa, na wasomaji wetu wanalo moja au mawili ya kukumbuka. Ikiwa kipimo ni Kiswahili, basi koo nzima zitafutwa kwa sababu ya masikio ya watu wasiozijua. Na ikiwa kipimo ni maana ya neno katika lugha yake, mambo huwa mabaya zaidi. Chifu wa Wazanaki aliyemzaa Rais wetu wa kwanza aliitwa Nyerere, na neno hilo kwa Kizanaki ni viwavi, kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1922 aliitwa Kambarage, jina la pepo wa mvua, kwa sababu mvua ilinyesha siku hiyo. Alipobatizwa mwaka 1943 akaongezewa Julius, asiyaache yale mawili. Mwandishi wa hoja ile, angalikuwako Butiama na kukijua Kizanaki, angaliwakataa viwavi na pepo kwa pamoja. Leo viwavi hao wamo katika jina la uwanja mkubwa wa ndege wa Dar es Salaam, na hatujamsikia mgeni aliyeona aibu kushuka hapo.

Hata katika historia ya watu wa kalamu kama sisi mfano upo. Mwaka ule ule wa 1922, huko Tanga, Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Kayamba kwa Kiswahili ni chombo cha ngoma, matete yaliyofungwa pamoja yenye mbegu ndani, hutikiswa kikalia. Twajua vizuri watoto wa shule wangemfanyia nini mtu wa jina hilo. Naye alikuwa na majina ya Kizungu ya kutosha, herufi H. M. T. mbele, kama angetaka kujificha nyuma yake. Hakujificha. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akaenda na jina lake la kayamba. Na Shaaban Robert, karani wa Forodha tangu 1926, Mwislamu mwenye jina la Robert, nadhani alichoka kuulizwa maswali. Lakini vitabu vyake vilitoka na jina lile lile.

Mwenye hoja alitutajia Ufaransa, kwamba huko Serikali iliyachagua majina. Ni kweli, lakini hakumaliza habari. Sheria ya mwaka 1803 iliruhusu majina ya kalenda na ya watu mashuhuri wa kale tu, na Wafaransa wenyewe waliiacha mwaka 1993. Mfano ulio karibu zaidi na sisi hakuutaja. Mwaka 1972 Mobutu aliyakataza majina ya Kikristo katika Zaire, akaacha lake la Joseph-Désiré, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishwa kifungo. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bukavu wakawa na jina la daftari na jina la nyumbani. Utawala ule ulipolegea, majina ya ubatizo yakatoka mafichoni, kwa kuwa hayakuwa yamekwenda mahali. Aliyekataza alikuwa na majeshi; sisi twataka kufanya kazi hiyo hiyo kwa muhuri na wino.

Asije mtu akasema twawalazimisha watu wabaki na majina wasiyoyataka. Mtu mzima anayelichoka jina lake anayo njia: hati ya kubadili jina, iliyoapwa na kusajiliwa. Huyo hatumpingi hata kidogo; pengine tungemsindikiza. Tofauti ni kwamba yeye amechagua, na hati yake yasema hivyo. Sisi hatukuchagua kitu. Tulionewa huruma.

Basi hoja ile ikirudi mkutanoni tutaipinga, na mara hii kwa sauti. Tutaomba badala yake Chama kiwaandikie wanachama wote walio madirishani, mahospitalini na mashuleni, kwamba jina liandikwe kama mwenyewe alivyolitaja, herufi kwa herufi, asomewe kabla karatasi haijatiwa sahihi; na likiitwa mbele ya watu liitwe kama majina mengine, bila kukohoa kwanza.

Faili letu la kazi limekwisha kusahihishwa. Lililobaki ni daftari la Chama, ambamo bado sisi ni Shadrack. Tulipeleka maombi juma lililopita. Karani wa Chama alituuliza mara mbili kama tuna hakika, kisha akachukua kalamu, akaandika, akatugeuzia daftari tusome.