Nauli ya Kitui si dawa

Mvua za vuli zinapokosa kunyesha Mwingi, Mutomo au Kibwezi, wasichana wengi hupanda basi kwenda Nairobi na Mombasa kutafuta kazi ya uyaya. Huenda mmoja wao yumo nyumbani mwako. Anapika, anafua na kumbeba mtoto wako mgongoni. Je, siku akiugua, wewe hufanya nini?

Wengi wetu tunalijua jibu. Siku ya kwanza hupewa vidonge vya maumivu. Siku ya pili huambiwa apumzike akishaosha vyombo. Siku ya tatu hupewa nauli arudi kwa mamake mpaka apone. Tunadhani tumetenda wema, kumbe tumemtwika mkulima wa Kitui gharama iliyo yetu. Na kwa kuwa nafasi yake huenda ikajazwa kabla hajapona, yaya huficha ugonjwa. Kikohozi kisichoisha chaweza kuwa kifua kikuu, na mtoto wako ndiye aliye karibu naye mchana kutwa.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa anapougua, na ikiwezekana ahudumiwe na daktari anapozidiwa. Akishafanya kazi miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka.

Usiseme kwao kuna bima. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wake, kila familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, lakini ulikuwa wa hospitali za kaunti hiyo. Haukumfuata msichana hadi Nairobi.

Bima inayomfuata ni ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Kujisajili ni bure kwa kubonyeza *147#, na aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Ili alazwe hospitalini kwa bima, lazima mchango uwe umelipwa. Hapa ndipo mayaya wengi hukwama. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Aliyeandikishwa na mwajiri hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi: anayepata shilingi 16,000 hukatwa 440. Ukimwacha ajilipie kana kwamba hana mwajiri, umemfungia mlango.

Basi, msomaji, mwandikishe yaya wako mwezi huu, uwe ukipeleka mchango wake kabla ya tarehe 9. Akiugua, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe. Nauli ngoja umpe akienda kuwasalimu wazazi, akiwa mzima.