Moyo wa mwanamichezo ukisimama, dakika za kwanza ndizo dawa

Mchezaji maarufu akianguka uwanjani bila kuguswa na mtu, haipiti saa moja video yake inakuwa imefika kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Maelezo huja pamoja nayo: karogwa, kalishwa kitu, ni chanjo, alikuwa akitumia dawa za kuongeza nguvu. Mzazi mwenye mtoto anayecheza mpira huitazama mara mbili, kisha hujiuliza kama amkataze mwanawe michezo.

Msomaji, kutafuta mchawi hakujawahi kumwokoa mchezaji yeyote. Maswali yenye faida ni matatu: moyo ulisimama kwa sababu gani, nani alikuwa karibu, na msaada ulianza baada ya muda gani. Ukiwapima kwa maswali hayo wachezaji waliopona na waliofariki, utaona kwamba mengi yaliyowaokoa waliopona yanaweza kufanyika hata kwenye uwanja wa shule ya mwanao.

Chukua mfano wa Christian Eriksen. Juni 12, 2021, jijini Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland katika mashindano ya Ulaya, alianguka peke yake muda mfupi kabla ya mapumziko. Daktari wa timu alipomfikia, alikuwa bado anapumua na mapigo yapo. Muda mfupi baadaye hali ikabadilika, moyo ukasimama. Wakaanza kumkandamiza kifua palepale kwenye nyasi, wakatumia mashine ya kushtua moyo, na mshtuo mmoja ukatosha. Alitolewa uwanjani akiwa na fahamu.

Umeme wa moyo ukikorofisha

Watu wengi huita kila tatizo la ghafla shambulio la moyo, lakini haya ni mambo mawili tofauti. Katika shambulio la moyo, mshipa unaopeleka damu kwenye misuli ya moyo huziba. Mgonjwa mara nyingi huwa macho, analalamika maumivu ya kifua na kutokwa jasho. Moyo unaposimama ghafla, tatizo huwa kwenye umeme unaouongoza kupiga. Umeme huo ukivurugika, moyo hutetemeka tu bila kusukuma damu. Mtu huanguka na kupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na ubongo huanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita.

Kwa vijana, chanzo mara nyingi ni hitilafu waliyozaliwa nayo au kurithi: misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi, mishipa ya moyo kupita mahali pasipo pake, au kasoro ya umeme wenyewe. Virusi navyo vinaweza kuvimbisha misuli ya moyo, ndiyo maana mtoto mwenye homa hapaswi kulazimishwa kukimbia. Kwa wanaokimbia na kucheza wakiwa wamevuka miaka 35, chanzo kikubwa ni mishipa ya moyo iliyoziba kwa mafuta.

Marc-Vivien Foé wa Cameroon alifariki Juni 26, 2003, baada ya kuanguka uwanjani mjini Lyon, Ufaransa, timu yake ikicheza na Colombia. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na unene wa misuli ya moyo wa kurithi, tatizo ambalo mtu anaweza kuishi nalo miaka mingi akidhani ni mzima kabisa.

Kupona si kwa namna moja

Hapa ndipo wazazi na wagonjwa wengi huchanganyikiwa. Wanasikia fulani amerudi uwanjani na mwingine amestaafu, kisha wanadhani tofauti ni bahati au ujasiri. Mara nyingi tofauti huanzia kwenye chanzo cha tatizo.

Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka London Machi 17, 2012 akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78. Alipona kwa sababu muda wote huo watu walikuwa wakimkandamiza kifua na kumshtua moyo, hivyo damu iliendelea kufika kwenye ubongo. Hata hivyo, Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 24, alistaafu kwa ushauri wa madaktari.

Damar Hamlin, mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, moyo wake ulisimama Januari 2, 2023 baada ya kugongwa kifuani. Kishindo kikitua juu ya moyo katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kinaweza kuvuruga umeme wa moyo ambao hauna ugonjwa wowote. Alikandamizwa kifua palepale uwanjani, na msimu uliofuata alicheza tena.

Bronny James, mtoto wa LeBron James, alianguka mazoezini Julai 2023 akiwa na miaka 18. Madaktari walikuta hitilafu ya moyo aliyozaliwa nayo, wakamfanyia upasuaji, na Desemba mwaka huohuo alirudi kucheza kikapu.

Eriksen aliwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, kinachofuatilia mapigo na kuushtua moyo chenyewe ukikorofisha. Italia haikumruhusu kucheza ligi yake akiwa na kifaa hicho, hivyo Desemba 2021 aliachana na Inter Milan. Februari 2022 alirejea uwanjani nchini Uingereza akiwa na Brentford, na Juni 2024 aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia katika mashindano yaleyale ya Ulaya.

Raphael Dwamena wa Ghana naye aliwekewa kifaa cha aina hiyo, lakini baadaye aliamua kitolewe ili aendelee kucheza. Novemba 11, 2023, akiwa na miaka 28, alianguka katika mechi nchini Albania na kufariki.

Kama wewe au mwanao mmeambiwa mna tatizo la moyo, usichukue habari ya mchezaji mmoja ukaifanya cheti chako. Muulize daktari wako: chanzo ni nini, kinatibika, hatari ya kujirudia ikoje, na mazoezi ya kiwango gani yanafaa? Kuacha mashindano si kuacha maisha. Wengi wanaozuiwa kushindana bado wanaruhusiwa kutembea na kufanya mazoezi mepesi.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Mpeleke mtoto akapimwe moyo ikiwa amewahi kuzirai katikati ya mazoezi, anaumwa kifua akikimbia, mapigo yake huenda mbio bila sababu, au huishiwa pumzi kuliko wenzake wa rika moja. Fanya hivyo pia kama kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kufikisha miaka 50, na chanzo hakikujulikana. Vifo ambavyo familia nyingi huviita vya kishirikina huenda vina jibu kwenye kipimo.

Vipimo vya kuanzia ni ECG, kinachosoma umeme wa moyo, na ECHO, kinachoonyesha umbo la moyo na unavyofanya kazi. Hospitali nyingi kubwa zinavyo, na Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kwa uchunguzi wa kina zaidi.

Italia iliweka sheria ya kuwapima wanamichezo wa mashindano mwaka 1982. Katika mkoa wa Veneto, vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vilishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mwanzoni hadi 0.4 miaka ya 2003 na 2004. Lakini kipimo hakigundui kila kitu. Vipimo vya Eriksen alipokuwa Tottenham vilikuwa vya kawaida. Kwa hiyo pima, ila usiishie hapo.

Akianguka mbele yako

Mwite na umtikise mabega. Kama haitikii na hapumui kawaida, chukulia moyo umesimama. Kukoroma au kuhema kwa kukatakata kama samaki aliyetolewa majini si kupumua. Mwili unaweza pia kutikisika kidogo, na hapo ndipo watu husema ni kifafa, wakatafuta kijiko, kitunguu au kiatu cha kumnusisha. Muda unapotea.

Tuma mtu mmoja apige simu na atafute gari, mwingine alete mashine ya kushtua moyo kama ipo. Wewe mlaze chali mahali pagumu, piga magoti, weka kiganja kimoja juu ya kingine katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu. Kina kiwe sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, na theluthi ya unene wa kifua kwa mtoto. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila unapobonyeza, na mpokezane kila dakika mbili. Aliyefundishwa kumpulizia mgonjwa pumzi ampulizie mara mbili baada ya kubonyeza mara 30. Ambaye hakufundishwa aendelee kubonyeza tu.

Kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Kwetu gari la wagonjwa linaweza kuchelewa, lakini kumkimbiza mtu kwenye bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili ni kumnyima kile pekee kinachoupelekea ubongo wake damu. Bonyeza mpaka gari lifike, na ndani ya gari mlaze chali muendelee.

Kabla ya kusaini fomu ya mwanao ya kwenda UMISSETA au kumwandikisha akademi ya soka, muulize mwalimu wa michezo: nani hapa amefundishwa kukandamiza kifua, gari la dharura ni lipi, na hospitali tutakayokimbilia ni ipi? Kama hana majibu, wazazi mnaweza kukaa kikao kimoja na kumwalika mhudumu wa afya au Msalaba Mwekundu awafundishe walimu, wachezaji na ninyi wenyewe. Mafunzo hayo ni ya saa chache, na atakayeanguka siku moja anaweza kuwa mwanao, au wewe mwenyewe uliyekaa pembeni ukimshangilia.