Je, Pensheni Yapigiwa Kura?

Usiku wa tarehe 4 Novemba 2024, mjini Seattle katika jimbo la Washington, Marekani, mafundi mitambo wa kampuni ya ndege ya Boeing walihesabiwa kura zao kwa mara ya tatu katika muda usiotimia miezi miwili, na asilimia 59 wakaridhia mkataba wa miaka minne uliowapandishia ujira kwa asilimia 38, ukampa kila mmoja wao kitita cha dola 12,000, na ukamaliza mgomo uliodumu siku 53. Katika kurasa zote za mkataba ule palikosekana jambo moja, nalo ndilo lililoandikwa kwenye mabango na kutajwa usiku kucha katika milango ya viwanda vya Renton na Everett, ambako wagomaji walilinda zamu zao huku wakiota moto uliowashwa ndani ya mapipa: pensheni. Haikurudi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana haki ya kuuliza mabishano ya mafundi wa ghaibu yamhusu nini, na jibu la karibu ni kwamba ndege ya 737 MAX 9 ambayo Air Tanzania iliipokea mwezi Oktoba 2023 ilitoka katika karakana ya hao hao, wanachama wa Wilaya ya 751 ya chama cha kimataifa cha mafundi mitambo, ambao pamoja na wenzao wa Portland hufikia kiasi cha 33,000. Lakini jibu lenye uzito zaidi ni kwamba swali lililowagawa ni la kila alaye kwa mshahara: je, riziki ya uzeeni ni sehemu ya ujira, ambayo watu wakikaa mezani waweza kuipandisha, kuishusha au kuibadilisha kwa fedha taslimu, ama ni amana ambayo walio wengi hawana mamlaka ya kuiuza kwa sababu tu ni wengi?

Kisa chenyewe kilianza miaka kumi na zaidi kabla ya usiku ule. Mnamo Novemba 2013, ilhali mkataba uliokuwapo ulikuwa haujaisha na ungeendelea hadi 2016, Boeing iliwajia mafundi na sharti: waiachilie pensheni yao ya kila mwezi, nayo ndege mpya ya 777X itaundwa kwao, wakikataa, kazi itatafutiwa jimbo jingine. Serikali ya jimbo ilikuwa imekwisha kuipa kampuni nafuu ya kodi iliyokadiriwa kufika dola bilioni 8.7 hadi mwaka 2040, na bado mafundi wakasema hapana, kwa asilimia 67. Majimbo 22 yakajitokeza kuibembeleza kampuni iende kwao. Hapo makao makuu ya chama, bila ya ridhaa ya viongozi wa Seattle, yakaamuru kura ipigwe upya, nayo ikapigwa tarehe 3 Januari 2014, wakati ambapo, kama walivyolalamika wengi baadaye, wakongwe wa kazi walikuwa hawajarejea kutoka likizo ya mwisho wa mwaka. Asilimia 51 wakakubali. Tofauti ilikuwa kura 600 hivi.

Mimi siwalaumu waliokubali, maana kitisho kile hakikuwa maneno matupu. Mwaka 2009, baada ya mgomo wa 2008 uliokaribia miezi miwili, kampuni hiyo hiyo iliamua kuipeleka karakana ya pili ya ndege ya 787 huko South Carolina, mahali ambapo chama hakina nguvu, na mtu aliyekwisha kuona kazi ikihama haambiwi mara ya pili. Mwenye mkopo wa nyumba na watoto wa kusomesha, akiwekewa mbele yake pensheni ya miaka ijayo upande mmoja na kazi ya kesho upande wa pili, hana budi kuitazama kesho.

Tuitazame hesabu yenyewe kwa karibu. Kwa kanuni ya zamani, fundi alihesabiwa dola 95 za kila mwezi kwa kila mwaka wa utumishi. Tumchukue aliyeingia kazini mwaka 1996: pensheni ilipogandishwa mwaka 2016 alikuwa na miaka 20, yaani dola 1,900 kwa mwezi hadi siku ya kufa kwake, na lau angeachwa aendelee hadi atimize miaka 30, zingekuwa dola 2,850. Miaka kumi ya mwisho, ambayo ndiyo miaka ya mgongo kuuma, haikumwongezea kitu katika hesabu hiyo. Mkataba wa 2024 ulizipandisha zile dola 95 zikawa 105, ambayo ni huruma njema kwa mwenye miaka ya kuzidishia. Aliyeajiriwa baada ya kura ya Januari 2014 azidishe nini?

Badala yake wote waliwekwa katika akiba iitwayo 401(k), jina lililotokana na kifungu cha sheria ya kodi ya mwaka 1978, ambamo mfanyakazi hukatwa sehemu ya mshahara, mwajiri akamwongezea yake, na fedha zikapelekwa katika soko la hisa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe. Mkataba mpya una ukarimu katika jambo hili, kwani kampuni hulipa sawasawa na akiba ya mtu hadi asilimia 8 ya mshahara na kuongeza asilimia 4 bila ya sharti. Hata hivyo hatari imehama mikono. Soko la hisa la Marekani lilipoporomoka kwa zaidi ya nusu kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009, mwenye pensheni alisoma habari hiyo gazetini, na mwenye 401(k) aliisoma katika taarifa ya akiba yake.

Basi mwezi Septemba 2024, mkataba uliotokana na kura ile ya 2014 ulipokwisha, viongozi wa Wilaya ya 751 chini ya Jon Holden wakawaletea wanachama pendekezo la nyongeza ya asilimia 25, wakawashauri walikubali, na wanachama wakalikataa kwa asilimia 94.6. Lililonishangaza mimi si ukubwa wa hesabu hiyo, bali ni kwamba wengi wa waliokuwa wakiidai pensheni walikuwa vijana ambao hawajapata kuwa nayo hata siku moja. Walikuwa wakidai kurudishiwa kitu kilichouzwa kabla wao hawajafika.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Kanuni za chama kile zataka theluthi mbili ya kura ili mgomo utangazwe, hata mkataba uliokataliwa na zaidi ya nusu ya watu huhesabika umekubaliwa iwapo theluthi mbili hazikupatikana za kugoma. Lakini ili kukubali, nusu na moja yatosha. Kwa maneno mengine, kuweka zana chini kwa majuma machache kwahitaji ridhaa pana, ilhali kuachilia pensheni, jambo ambalo matokeo yake hupita umri wa wapiga kura wenyewe, kwamalizwa na watu 600. Na mlango huo hufunguka upande mmoja tu: asilimia 51 waliweza kuitoa, asilimia 94.6 hawakuweza kuirudisha.

Watu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina jingine. Mzee aliyeweka shamba la minazi kuwa wakfu kwa ajili ya kizazi chake amewapa walio hai haki ya kuyala matunda, wala hakuwapa haki ya kuiuza ardhi, na msimamizi akija na hoja kwamba jamaa wote waliohudhuria wamekubali bei, ataulizwa na kadhi juu ya wale ambao hawajazaliwa. Sisemi kwamba mkataba wa kazi ni wakfu. Nasema kwamba katika mkataba wa kazi limo fungu lenye tabia ya wakfu, nalo halistahili kutiwa katika karatasi moja ya kura pamoja na nyongeza ya mshahara na kitita cha kutia saini.

Ziko hoja za kupinga, na moja yao ni nzito. Pensheni ya kampuni ni ahadi ya kampuni, na kampuni hufa. Mwezi Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilipofunga kiwanda chake cha South Bend, maelfu ya wafanyakazi walipoteza sehemu kubwa au yote ya walichoahidiwa, na msiba huo ulichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1974 iliyoanzisha shirika la serikali la kudhamini pensheni. Hata baada ya hapo, United Airlines ilipofilisika, mwaka 2005 iliutupia mfuko huo wa dhamana mzigo wake wa pensheni, na baadhi ya wastaafu wakapunguziwa. Asemaye kwamba afadhali akiba iliyo kwa jina langu kuliko ahadi iliyo kwa jina la tajiri hasemi upuuzi. Ila hoja hiyo yathibitisha kwamba pensheni yahitaji dhamana madhubuti zaidi. Haithibitishi kwamba yafaa iachiliwe kwa nusu na moja.

Nasi Tanzania tumeonja shubiri hiyo kwa kikombe kingine. Kanuni ya kikokotoo, yaani ya kupigia hesabu ya mafao ya wastaafu, ya mwaka 2018 ilipokata malipo ya mkupuo yakawa robo ya mafao, kelele zilimfanya Rais Magufuli airudishe ya zamani mwezi Desemba mwaka huo huo. Ile ya 2022, iliyoweka asilimia 33, ilifikiwa mezani na serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, na mwalimu wa Kigoma hakuulizwa kwa karatasi ya kura hata moja. Wao wa Seattle waliulizwa mno, sisi hatukuulizwa kabisa, na katika pande zote mbili aliyeamua hakuwa yule atakayezeeka na uamuzi.

Mkataba wa Boeing wakoma Septemba 2028. Hadi hapo, kwenye bawa moja la ndege huko Renton watasimama mafundi wawili wenye bisibisi za aina moja na zamu moja, mmoja akihesabu dola 105 kwa kila mwaka alioutumikia kabla ya 2016, wa pili akiwa hana mwaka hata mmoja wa kuhesabu. Kisha wote wawili watapanga foleni mbele ya sanduku moja la kura.