Mvua Haikuchora Ramani ya Jangwani

Kila masika, Bonde la Msimbazi likijaa na Barabara ya Morogoro ikafungwa pale Jangwani, vyombo vya habari humtafuta mtu mmoja: mtabiri wa hali ya hewa. Anaulizwa zimenyesha milimita ngapi, anajibu, na mjadala unaishia hapo. Wasomi wengine, wakikumbukwa kabisa, huitwa baadaye “kuelimisha jamii”. Nyuma ya mazoea hayo kuna imani iliyokita mizizi hata vyuoni, kwamba mabadiliko ya tabianchi ni somo la sayansi asilia, na kwamba mwanahistoria, mwanasheria, mchumi na mwanasosholojia ni wapambe kwenye shughuli ya wenzao. Imani hiyo ni potofu, na hapa Dar es Salaam inatugharimu.

Tuanze na joto la Kariakoo. Kipimajoto cha hali ya hewa, kwa kanuni, hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye nafasi za kupitisha upepo, juu ya nyasi, mahali pa wazi, mbali na kuta. Huwekwa hivyo makusudi, ili joto la leo lilinganishwe na la miaka 50 iliyopita bila ukuta wa jirani kuvuruga hesabu. Ni kazi ya maana. Lakini kuli anayeshusha marobota Mtaa wa Kongo hasimami juu ya nyasi. Yuko katikati ya maghorofa ya zege, chini ya turubai la machinga, hatua chache kutoka jiko la mkaa la mama lishe, na viyoyozi vya madukani vinamtemea hewa ya moto. Mtaa haukuzaliwa hivyo. Nyumba za Kiswahili, zenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, zilianza kupisha maghorofa kwa kasi tangu miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na kiwanja kikawa na thamani kuliko nyumba iliyokaa juu yake. Ua ulikwenda, na kivuli cha miti yake kikaenda nao. Hapo mwenye la kusema ni mchumi wa ardhi na msanifu majengo. Satelaiti itaonyesha kuwa mtaa unachemka. Haitaonyesha ni nani anavuna kodi ya pango kutokana na mtaa huo kujengwa hivyo.

Jangwani mambo yako wazi zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, kaskazini kabisa mwa jiji. Baadhi yao walirudi bondeni, wakaitwa wabishi. Aliyewahi kufuatilia riziki ya msukuma mkokoteni haoni ubishi hapo: mzigo uko Kariakoo, unaanza alfajiri, na nauli ya kutoka Mabwepande inakula faida kabla haijaingia mfukoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mto, na Desemba 2015 nyumba zilipigwa alama nyekundu ya X, nyingi zikabomolewa, hadi mgogoro ukafika mahakamani. Kama kisa chote ni ujinga wa wakazi, karakana ya mabasi ya mwendokasi, mradi ulioanza kutoa huduma 2016, ilijengwaje humo humo bondeni, ikafurika mara kadhaa? Wajenzi wake hawakukosa takwimu za mvua. Waliamua hivyo wakijua, na uamuzi wa namna hiyo huchunguzwa na anayesoma siasa na fedha za miji.

Nitaambiwa kwamba bila fizikia hakuna ambaye angejua kuwa hewa ya ukaa inapasha dunia joto. Kweli tupu, wala sina ugomvi na fizikia. Hata Nobel zilizotolewa kwa kazi ya tabianchi hazikukaa katika fani moja: ya 2007 ilikuwa ya amani, ya 2018 ya uchumi, ya 2021 ndiyo ya fizikia. Wengine watasema fani za jamii huleta simulizi, si vipimo. Waitazame Ramani Huria, iliyoanza 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na wenyeji, wakachora nyumba, mitaro na mahali maji yalipofika. Kumbukumbu ya mkazi kwamba maji yalimfika kiunoni, ikiwekwa kwenye ramani, ni kipimo ambacho hakuna mtambo uliokuwapo kukichukua.

Pingamizi zito ni hili: ukitaja karakana na kodi za pango, unawaondolea lawama mataifa tajiri yaliyojaza anga moshi, ilhali mchango wa Tanzania ni kiduchu. Nadhani ni kinyume chake. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Anayeomba fedha hizo ajiandae kuonyesha hasara gani ilitokana na moshi wa wengine na ipi aliijenga mwenyewe. Mjumbe wetu akienda na jedwali la mvua peke yake, ataulizwa habari za karakana, na mtabiri wa hali ya hewa aliyeketi kando yake hatakuwa na jibu.